Tupeane uzoefu: kipochi, kofia, kibanio... ulishona mwenyewe au ulinunua?

Mleta mada (Dar)
Habari za jioni wadau. Nilikuta kipochi cha kitenge cha kuvaa begani, cha kutia simu na funguo, muuzaji anataka elfu nane. Nikaona ananionea, kitenge nimebakiwa nacho cha gauni, cherehani ninayo. Haya, hesabu: nauli ya Kariakoo kwenda na kurudi 1,200, bitana 3,000, mkanda na pete zake 3,000, uzi 500, zipu mbili 1,000 kwa sababu ya kwanza niliishona kinyume. Jumla 8,700! Sindano iliyovunjikia kwenye meno ya zipu sijaitia. Na chenyewe kimekaa upogo. Wenzangu yamewakuta?

Mdau, Unguja
Pole dada yangu. Mie nilianza kofia ya viua Mfunguo Mosi, ule mwezi baada ya Ramadhani, nataka kuivaa Idi Kubwa. Wee! Kila kitundu unakizungushia uzi kwa mkono, na kofia moja ina vitundu mamia. Idi ikanikuta sijafika nusu, nikenda Darajani kununua ya mashine. Ile yangu niliimaliza mwaka uliofuata. Haiguswi na mtu: naifua mwenyewe, naitia uwanga mwenyewe, naianika mwenyewe. Zamani nikiambiwa bei ya kofia ya mkono nikibishana. Siku hizi nalipa au naondoka kimya.

Mdau, Nairobi
Mimi ni mkanda wa saa. Nilinunua mkoba mzee wa ngozi Gikomba, nikaukata. Kosa la kwanza, nilipima kwa rula ya mtoto wa shule. Saa yangu inataka milimita 20, mimi nikakata 22, hauingii. Kosa la pili, nilitoboa mashimo kwa msumari wa moto. Ngozi ikijikunja na kukauka hapo pembeni mwa shimo, haichukui muda inapasuka, na nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua. Fundi wa viatu ana kile chuma cha kutobolea, alinimalizia kwa shilingi 50 tu. Ningeanzia kwake.

Mdau, Morogoro
Mnatisha watu bure. Vibanio vya nywele vya kitambaa sinunui tena. Mabaki fundi wangu ananipa bure, nanunua lastiki tu. Kata kitambaa kirefu mara mbili na nusu ya lastiki, kikizidi hapo kinakuwa kama kilemba. Shona bomba, pitisha lastiki kwa pini, funga, malizia mdomo kwa mkono. Wanangu wawili wa kike wanavipoteza shuleni kila wiki, wala siumii roho.

Mleta mada (Dar)
Kaka wa Nairobi umenifungua macho. Nimempelekea kipochi fundi viatu wa hapa kwetu. Kakigeuza, kakitazama upande wa zipu, kaniuliza kama alishona mtoto. Nimesema ndiyo. Kesho nakifuata, elfu moja.