Kwenda Loiyangalani: Laisamis, Chalbi au Baragoi? Njia ipi, gari lipi

Nyayo_Kaskazini
Wadau, tunapanga kutoka Nairobi hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, mwishoni mwa Januari. Watu watano, magari mawili: Land Cruiser 79 ya injini ya dizeli ya 1HZ na Prado 150 ya dizeli. Kuna njia tatu:

1. Lami ya Isiolo hadi Laisamis, kisha Illaut, South Horr, Loiyangalani.
2. Lami hadi Marsabit, kisha Maikona, Kalacha, jangwa la Chalbi, North Horr, kijiji cha Gas.
3. Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr.

Naomba mlinganishe kwa magari haya mawili. Mafuta, tairi, na mahali gari linapokwama.

Mzee_wa_Laga
Njia ya Laisamis ndiyo nyepesi kuliko zote. Ule mradi wa umeme wa upepo, mitambo 365, ulihitaji malori marefu yafike Sarima, mahali pa mradi, kwa hiyo zikajengwa upya kilomita 208 kutoka Laisamis. Ni moramu pana. Hatari yake ni mwendo: dereva anazoea 80, halafu anakutana na laga (mto mkavu wa msimu) iliyokatwa na maji. Laga za upande wa South Horr zinapokea maji ya mlima Nyiru, na mafuriko hushuka hata pale mlipo pakiwa pakavu kabisa. Maji yakiwa yanakwenda kasi au yamepita goti, zimeni gari msubiri. Mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.

Kutoka Sarima kushuka ziwani mambo hubadilika. Ni mawe meusi ya volkano, yenye ncha, na upepo ule ule uliovuta mradi. Egesheni gari likielekea upepo na mfungue mlango mmoja mmoja huku mmeushika, maana upepo wa pale hupinda bawaba.

Baragoi ina mandhari nzuri kuliko zote, ila ni mawe na miteremko mikali baada ya Poror, na wizi wa mifugo wa silaha haujaisha huko. Msiipange kabla hamjauliza hali ya siku hiyo kituo cha polisi Maralal. Wakisema subirini, subirini.

Ushauri wangu: ingieni kwa Laisamis, tokeni kwa Chalbi. Mnapoanza gari ni zito kwa maji na dizeli, basi uzito huo uubebe moramu. Mkifika mchangani mtakuwa mmepungua.

BintiMarsabit
Mzee, kwa heshima, mimi ningegeuza mwelekeo. Chalbi ni kitako cha ziwa la kale. Juu kuna ganda la chumvi na udongo mkavu, chini panaweza kuwa tope wiki kadhaa baada ya mvua. Ganda linabeba mtu, linabeba ngamia, halibebi tani tatu. Gari likipasua hushuka hadi chasisi, na hakuna mti wa kufungia winchi ya kujivutia.

Ukiiweka Chalbi mwisho, unaifikia watu wamechoka na wanataka nyumbani. Kurudi nyuma ni zaidi ya kilomita 250 hadi Laisamis, kwa hiyo watu hujipa moyo na kuingia. Ukianzia Marsabit, unauliza madereva wa malori ya North Horr pale pale sokoni. Wakisema pameloa, unarudi Laisamis kwa lami, haifiki hata nusu siku.

Dalili za kusoma ukiwa kwenye usukani: udongo mweupe wenye nyufa za pembe nyingi, kingo zimejikunja juu, ni mkavu. Ukiona rangi ya kahawia iliyoiva na uso laini usio na nyufa, simama kabla hujaingia. Shuka, bonyeza kisigino kwa nguvu. Kikizama, zunguka kwa njia ya kando hata kama inaongeza saa mbili. Na fuateni alama za malori, msichore njia yenu mpya.

Fundi_Springi
Niongee magari.

Mafuta kwanza. Kwa mwelekeo wowote, kati ya Isiolo na Marsabit mkizungukia ziwani, wekeni hesabu ya kilomita 700. Loiyangalani na North Horr dizeli ipo ya mapipa, ila ichukulieni kama akiba tu. 1HZ yenye mzigo, mchanga na gia ndogo hunywa kama lita 17 kwa kilomita 100: lita 119, ongeza robo, mnafika 149. Tangi la 79 ni lita 130, basi dumu moja la lita 20. Prado kwa lita 13 ni 91, pamoja na robo ni 114. Tangi lake ni 87, basi madumu mawili. Madumu yakae ndani, nyuma ya viti na yamefungwa, siyo kwenye keria ya juu.

Dizeli ya pipa 1HZ huivumilia, pampu yake ni ya kimakenika. Nozeli za Prado hazivumilii maji wala vumbi. Mkilazimika, mimineni kwa faneli yenye chujio la kutenga maji, acheni lita ya mwisho ya pipa, na bebeni filta mbili za dizeli za Prado.

Springi: 79 nyuma ina springi za mabamba. Matuta madogo ya mfululizo hulegeza yu-bolti zinazofunga mabamba kwenye ekseli, zikilegea bamba hucheza, senta bolti inakatika, ekseli nzima ya nyuma inarudi nyuma na gari linakwenda upande. Kazeni yu-bolti kabla ya safari na tena jioni ya kwanza. Prado haina shida hiyo, shida yake ni shokapu kuchemka. Gusa kwa nyuma ya mkono kila mnaposimama: ikiwa moto haishikiki, pumzikeni dakika 20. Ikiwa moja ni baridi na tatu zina moto, hiyo baridi imekufa. Ondoeni na ngazi za pembeni za Prado, mawe ya Sarima yatazikunja zikwame mlangoni.

Arusha_Natron
Kwenye tairi niongeze, maana mawe ya huku Ziwa Natron hayana tofauti na hayo. Upepo wa tairi, kwa gari lenye mzigo:

Lami: psi 36 hadi 40
Moramu ya matuta: 28
Mawe makali: 24 hadi 26
Mchanga: 16 hadi 18, mwendo usizidi 40, usikate kona kwa ghafla

Kwenye mawe watu hukosea pande zote mbili. Tairi gumu linatobolewa kwenye kashata (uso unaokanyaga chini), tairi laini mno linatoa ubavu nje na jiwe linaupasua. Pancha ya kashata huzibwa kwa utambi wa mpira. Ubavu haushiki utambi. Kila gari libebe spea mbili, tairi za ply 10. Kama 79 ina rimu za inchi 16, bebeni na tyubu mbili: tairi lililopasuka ubavu huwekewa kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, kisha tyubu, na linatembea polepole hadi Marsabit. Rimu za 17 za Prado, tyubu zake ni taabu kupata.

Nyayo_Kaskazini
Asanteni sana. Kama hakuna mti Chalbi, winchi nifunge wapi?

BintiMarsabit
Spea. Chimba shimo la mita moja kwenda chini, liwe la kukingama na upande wa kuvuta, kisha chimba mfereji mwembamba wa kupitishia kamba ili isivutie juu. Zungusha mnyororo kwenye rimu, simamisha spea uso ukielekea gari, fukia na ushindilie kwa miguu. Kabla ya hapo jaribuni njia rahisi: punguza hadi psi 14, ondoa udongo mbele ya tairi zote nne na chini ya difu, weka mabati chini ya tairi, L4 (gia nzito za magurudumu manne) gia ya pili, bila kuzungusha tairi bure. Gari la pili libaki mita 50 nyuma kwenye udongo mgumu, lisije kusaidia likazama nalo.

Mzee_wa_Laga
Hoja ya Binti nimeielewa. Basi ipimeni hivi: kama mvua imenyesha North Horr ndani ya wiki tatu kabla ya safari, anzieni Marsabit kama alivyosema. Kama ni pakavu tangu Desemba, Laisamis kwanza. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku tatu, pamoja na lita 10 za rejeta ambazo hazinywewi wala kupikiwa. Simu inashika mijini tu, katikati hakuna, kwa hiyo mwachieni mtu Marsabit saa mnayotarajiwa.

Fundi_Springi
Mkitoka Chalbi, osheni chini ya magari Marsabit siku hiyo hiyo: chasisi, mabomba ya breki, plagi za umeme. Chumvi hiyo ikilala wiki moja inaanza kula. Na nati za tairi lolote mlilobadilisha njiani, kazeni tena baada ya kilomita 50.