Mjadala: Je, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliache soko la wengi?

Ndugu aliyeanzisha mada anataka vyama vya msingi vya ushirika vya Kilimanjaro viachane na mnada wa Moshi, yaani soko la wengi, na kuwatafuta wakaangaji wadogo wa nje, ambao hulipa bei ya juu kwa mzigo mdogo uliochaguliwa, yaani soko la wachache. Sababu zake nazikubali, ila hitimisho lake silikubali.

Ni kweli kwamba bei ya arabika, aina ya kahawa tunayolima, hufuata soko la New York, ambako mkulima wa Marangu hana sauti yoyote. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ulipovunjika Julai 1989, bei iliporomoka. Jalidi ilipoiunguza mibuni ya Brazili mwaka 2021, ikapanda. Yaani mtu wa Kibosho hupata nafuu kwa msiba wa mkulima mwenzake wa ng'ambo.

Lakini soko la wachache lina gharama zake, nazo huanzia mtini. Kwenye tawi moja utakuta matunda mekundu, ya manjano na ya kijani yamebanana, hivyo anayelilenga soko hilo hana budi kuupitia mti uleule mara tatu au nne kwa msimu, kuyamwaga matunda majini na kuyaengua yanayoelea, kuyamenya siku hiyohiyo, kisha kuchachusha, kuosha, kuanika kwenye vichanja na kukaa hapo akiokota punje mbovu mojamoja. Kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kazi hiyo hufanywa na mama na shangazi, ambao magoti yamekwisha kuwachoka. Vijana tuko mjini, tukishauri kwa simu.

Kuna jambo jingine ambalo naona limerukwa. Hata ukichuma kwa uangalifu wote, punje zote haziwi za daraja la AA, lile la punje kubwa. Kubwa zikishaondoka hubaki ndogo na zilizovunjika, ambazo mkaangaji huyo hazitaki hata kidogo. Mnada ukiachwa, hizo atauziwa nani?

Japani inatufunza kwamba mpaka wa masoko haya mawili si imara kama tunavyodhani. Kwao, "Kilimanjaro" ni jina la kahawa ya heshima, lakini kanuni zao zinaruhusu mchanganyiko kuitwa hivyo ikiwa angalau asilimia 30 ni arabika ya Tanzania, hata kama imechumwa Mbeya. Jina lililotafutiwa wachache limekwisha kuwa la wengi, na faida ya kuchanganya humwendea anayechanganya.

Kwa hiyo ningependa kila chama kitenge mafungu machache tu, kutoka kwa wanachama wenye nguvukazi na maji ya kutosha, kwa mkataba wa maandishi na malipo ya awali, na kahawa iliyobaki iendelee kwenda mnadani. Ndugu mwanzisha mada atujibu hili: mkaangaji huyo asiporudi msimu wa pili, nani atafidia mapito ya tatu na ya nne ya uchumaji?