Tupeane uzoefu: reli ya kwanza kwenye OpenTTD mliianzaje, na taa mlizielewa vipi?

MkuuWaStesheni
Habari za jioni wakuu. Tangu niseme humu kwamba nacheza OpenTTD, sanduku langu la ujumbe halipumziki, na maswali karibu yote ni ya treni. Nimeona bora tuyakusanye hapa ili na wengine wafaidike.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya kuendesha kampuni ya usafiri. Una mabasi, malori, meli, ndege, lakini utamu wake uko kwenye reli. Ludvig Strigeus aliitoa 2004 baada ya kuiunda upya Transport Tycoon Deluxe ya Chris Sawyer ya mwaka 1995, na tangu toleo la 1.0 lililotoka 2010 unaipata bure kabisa na michoro yake. Laptop ya zamani inaibeba bila shida, na ukishaipakua haikuli bando.

Naanza mimi. Anayeanza nampeleka kwenye makaa ya mawe. Mwaka 1950, mkopo ukiuvuta hadi mwisho, unakuwa na pauni 300,000, na hizo ni za kujenga njia moja nzuri, siyo kuunganisha nchi nzima. Tafuta mgodi wenye uzalishaji mkubwa, kisha kituo cha kufua umeme kilicho mbali kiasi, miraba 60 hadi 100 hivi (ramani ya gemu imegawanywa miraba). Malipo yanahesabiwa kwa umbali wa stesheni hadi stesheni, siyo kwa urefu wa reli uliyoizungusha, hivyo kila kona isiyo na sababu unailipia mara mbili: hela ya kuijenga, na muda wa treni. Abiria wakicheleweshwa malipo yanashuka upesi, makaa yanavumilia.

Na milima iheshimuni. Kichwa cha mwanzo, Kirby Paul Tank, mwendo wake wa juu ni kilomita 64 kwa saa, na kikiwa na mabehewa yaliyojaa kinapanda mlima kwa kutambaa. Treni moja ikitambaa, zote za nyuma yake zinatambaa. Heri uongeze miraba minne ya kuzunguka kilima.

Karibuni, kila mtu aweke la kwake.

bintiTabora
Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi naongezea njia moja ya kupishana, kwa sababu naona watu wanakimbilia reli mbili wakati mfuko bado mwembamba.

Nimekulia Tabora, pale Reli ya Kati inapogawanyika, moja Kigoma na nyingine Mwanza. Kwetu hata mtoto anajua treni inasimama stesheni kusubiri mwenzake apite, maana njia ni moja. Kwenye gemu ni hivyohivyo. Jenga reli moja kutoka mgodini hadi kituo cha umeme. Katikati ya safari, kwa muda siyo kwa kipimo cha macho, igawe iwe mbili kwa kipande kinachotosha treni nzima, halafu uirudishe kuwa moja. Taa unaweka mwishoni mwa kila mkono wa hicho kipande, kabla tu njia hazijaungana tena, ziwe taa za njia (path signals kwa Kiingereza) za upande mmoja, siyo za kawaida, kila moja ikitazamana na treni inayofika pale. Kwenye reli ile moja usiweke taa yoyote. Ukiiweka, treni mbili zitakutana huko katikati, na hakuna itakayorudi nyuma.

Treni mbili zinapishana hapo kwa raha kabisa. Makaa yakishalipa, unaongeza reli ya pili polepole, kipande kwa kipande.

Mgeni_wa_Njia
Wakuu shikamooni wote mnaostahili. Nimesoma nimefurahi, ila naomba msaada. Nina reli mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na mgodi wa pili umeingia kwenye reli hiyohiyo. Taa nimeweka nyingi tu. Sasa kwenye makutano treni moja imesimama, mkia wake umeziba njia, nyingine tatu ziko nyuma yake. Stesheni ya umeme ina nafasi wazi lakini hakuna inayosogea. Tatizo ni nini?

FundiMakutano
Kaka, hapo nakuomba uvute kiti, maana swali lako ndilo moyo wa gemu yote.

Kuna taa za aina mbili za kujua kwanza. Taa ya kawaida inakata reli kuwa vipande, na kipande kimoja kinabeba treni moja tu. Makutano yako yote yakiwa ni kipande kimoja, treni ikiingia kushoto, ya kulia inasubiri hata kama njia zao hazigusani. Taa ya njia inafanya kazi tofauti: treni ikifika inaomba njia kutoka pale ilipo hadi mahali pengine salama pa kusimama, na ikipewa, njia hiyo inashikwa kwa ajili yake. Treni mbili zinaweza kupita makutano yaleyale kwa pamoja, mradi njia zao hazikatani. Nenda kwenye mipangilio, washa ile ya kuonyesha njia zilizoshikwa. Utaona reli inabadilika rangi mbele ya treni, na utaelewa kwa macho kuliko nitakavyokueleza mimi.

Sasa sikiliza hili: kwa gemu, kila taa ya njia ni ruhusa ya kusimama. Ukiweka taa, umesema "hapa treni inaweza kusubiri bila kumsumbua mtu." Kwa hiyo usijiulize treni inapita wapi; jiulize inasubiri wapi, na ikisubiri, mkia wake umelala wapi. Kabla ya makutano weka taa. Baada ya makutano usiweke, mpaka uwe umeacha nafasi ya treni nzima. Treni zako zikiwa na urefu wa miraba mitano, taa ya kwanza baada ya makutano iwe mraba wa sita au zaidi.

Nina hakika wewe umeweka taa mraba mmoja baada ya makutano. Treni ikaiona, ikasonga hadi pale, ya mbele yake ikawa haijaondoka, ikasimama na mabehewa yakabaki katikati ya njia panda. Iondoe hiyo taa uone.

Mgeni_wa_Njia
Nimeiondoa. Zimeanza kutembea zote! Mkuu, Mungu akubariki. Na pale stesheni ya mwisho, je, kila jukwaa linataka taa yake?

FundiMakutano
Hapana, kama umetumia taa za njia. Kwa stesheni ambayo treni inaingia na kutokea upande mmoja, weka taa moja ya upande mmoja kwenye reli ya kuingilia, kabla ya ile mikatano inayogawa majukwaa. Nyingine weka kwenye reli ya kutokea, urefu wa treni nzima kutoka kwenye mikatano. Majukwaa yenyewe yaache. Treni ikishusha, inaomba njia ya kutoka. Ikikosa inasubiri palepale jukwaani, na jukwaani haimzibii mtu. Cha muhimu taa ya kuingilia iwe na reli ndefu nyuma yake, maana foleni itajipanga huko.

KapteniMwanza
La kwangu fupi: karakana. Treni zinaharibika, na ikiharibika katikati ya reli inasimamisha kila iliyo nyuma. Gemu inazipeleka zenyewe matengenezo kila siku 150, lakini lazima ziikute karakana njiani. Weka moja karibu na kila stesheni, na mlango wake usitokee moja kwa moja kwenye njia yenye msongamano.

Nyali_84
Nawasalimu kutoka Mombasa. Watu wengi nawaona wanajenga reli safi halafu wanashangaa mgodi hauwapi mzigo. Fungua dirisha la stesheni, utaona asilimia kando ya makaa. Hiyo ndiyo sehemu ya mzigo unayopewa. Inapanda treni zikija mara kwa mara, zikiwa na mwendo wa kasi na bado mpya, na inashuka mzigo ukirundikana. Ndiyo maana mgodini tunaagiza treni isubiri mpaka ijae: ikiwepo moja inapakia muda wote, stesheni haihesabiwi kuwa imetelekezwa. Ukisafirisha zaidi ya asilimia 60, mgodi nao una nafasi kubwa ya kuongeza uzalishaji kuliko kupunguza. Lakini foleni ya zinazosubiri kujaa nayo inataka reli ya kusimama, kama fundi alivyosema.

Jambo jingine ni miti. Ukifyeka msitu karibu na mji, viongozi wa mji wanakuchukia, na siku unataka kujenga stesheni pale wanakukatalia. Dawa yake ni kupanda miti mingi kwenye ardhi wazi inayozunguka mji huo, kisha ujaribu tena. Mimi huipanda kabla hata sijaleta reli.

Mgeni_wa_Njia
Nimeandika yote kwenye daftari. Kesho naingiza mgodi wa chuma, nitawaletea picha ya makutano mnikague.

MkuuWaStesheni
Lete mdogo wangu. Na njia zilizoshikwa ziwe zinaonekana kwenye picha, ndipo tutaona treni ya nani inamsubiri nani.