Re: Mbwa wa miaka 6 anakojoa ndani tangu tuhamie hotelini

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Naandika kutoka Columbus, Ohio. Bomba la maji lilipasuka kwa baridi, dari ya sebuleni ikaanguka, tukaambiwa tutoke siku hiyo hiyo. Sasa tuko hoteli ya wakaaji wa muda mrefu, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na jiko dogo: mimi, mume wangu, watoto, shemeji, na mbwa wetu dume. Kule tulikuwa na ua wenye uzio. Nikimfungulia mlango wa nyuma anatoka mwenyewe, anamaliza, anarudi. Hakuwahi kuchafua ndani. Hapa anakojoa kwenye kapeti, mara pembeni ya kitanda, mara ndani ya lifti kabla hatujafika chini. Mapokezi wameshatuonya. Shemeji anasema nimpake pua kwenye mkojo wake kisha nimchape, na kwa kuwa anaswali humo humo chumbani, siwezi kumlaumu kwa kukasirika. Watoto wakisikia habari ya kumtoa mbwa wanalia. Nisaidieni, tafadhali.

———

Mdogo wangu wa Columbus, poleni sana kwa nyumba.

Usimchape, na habari ya pua iache kabisa. Mbwa haunganishi kipigo na mkojo aliokojoa muda uliopita. Anachokiunganisha ni wewe na maumivu. Matokeo yake anajifunza kutokojoa mbele yako, na hilo ndilo litakalokumaliza, kwa sababu hapo hotelini kila akitoka yuko kwenye kamba na wewe uko pembeni yake. Atabana nje nusu saa nzima, mkirudi chumbani ateleze nyuma ya kiti amalize huko.

Kabla ya yote mpeleke kwa daktari wa mifugo na mkojo wa asubuhi kwenye kichupa safi. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na ugonjwa wa figo vyote humfanya mbwa mwenye adabu zake akojoe ndani. Mwambie daktari kama anakunywa maji kuliko zamani. Na ukimwona anajikamua lakini mkojo hautoki, usingoje miadi, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Akiwa mzima, basi jua kwamba huyo mbwa hajasahau kitu. Alichokuwa anakijua ni ule mlango wa nyuma, yale majani na ile harufu yake mwenyewe pale uani. Vyote vimeondoka kwa siku moja. Wengi wetu tulikulia kwenye nyumba ambazo mbwa analala bandani na kufunguliwa usiku alinde, hakuna aliyemfundisha haja, kwa hiyo tunadhani mbwa mkubwa anajua tu. Mfundishe upya kama vile umemleta jana, na atashika haraka kuliko mtoto wa mbwa, maana kibofu chake kimekomaa.

Mtoe anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza, kabla ya kulala, na katikati ya hapo kila baada ya saa mbili hivi kwa siku za mwanzo. Mlishe kwa saa maalumu na uondoe bakuli, ili ujue tumbo lake litadai lini. Maji usimnyime. Koti lako, viatu na kamba viwe mlangoni usiku kucha, kwa sababu zile dakika unazotafuta kiatu cha pili ndizo anazokojoa. Lifti nayo iepuke, shukeni kwa ngazi. La maana zaidi, waombe mapokezi chumba cha chini karibu na mlango wa pembeni. Hoteli nyingi zikiwa na nafasi zitakubali, kwa kuwa hata wao wanaokoa kapeti yao.

Nje mpeleke mahali pale pale kila mara, simama, usimzungumzishe. Ukifuta mkojo ndani kwa karatasi, chukua karatasi hiyo uiweke pale nje, anuse harufu yake. Theluji ikiwa imefunika kila kitu, fagia kipande mpaka majani yaonekane, maana mbwa aliyezoea majani hajui zege ni choo. Ile chumvi ya kuyeyushia barafu inaunguza nyayo, ndiyo maana wengine wanainua mguu mmoja mmoja na kuvuta kurudi mlangoni. Mfute nyayo kwa maji ya uvuguvugu kila mkiingia. Akimaliza tu, mpe kipande cha kuku pale pale, sekunde ile ile. Ukisubiri mpaka chumbani, umemlipa kwa kupanda ngazi. Kisha tembeeni kidogo kabla ya kurudi. Mbwa akiona kila akikojoa matembezi yanakwisha, atajifunza kubana.

Ndani asipotee machoni pako. Ukiwa unapika, ifunge kamba yake kiunoni mwako. Utaona anavyoanza: anaacha alichokuwa anafanya, pua inashuka chini, anazunguka. Hapo hapo, mlangoni. Usipoweza kumwangalia ndipo kizimba kinasaidia, chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, si zaidi, maana mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ila kama hakuwahi kukaa kizimbani usimsukumie humo na kufunga. Mlishe humo mlango ukiwa wazi mpaka aingie mwenyewe.

Kuhusu kapeti: dawa ya klorini usiiguse. Ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi yenye sumu, na nyie mnalala humo humo. Sabuni yenye amonia nayo kwa pua ya mbwa inafanana na mkojo. Nunua dawa yenye vimeng'enya (enzymes) vinavyovunjavunja mkojo, zipo kwenye maduka ya vyakula vya wanyama. Kausha kwanza kwa taulo, mwaga dawa mpaka ifike chini ya kapeti, iache kwa muda walioandika kwenye chupa. Zima taa upite na tochi ya UV, ile ya mwanga wa zambarau unaofanya mkojo ung'ae, utaona madoa usiyoyajua.

Nakuuliza mambo mawili. Je, ni dimbwi, au ni matone kwenye mguu wa kitanda na pembe za ukuta? Matone ya namna hiyo ni kuweka alama kwa sababu ya harufu za mbwa waliolala humo kabla yake, na hapo mkanda wa tumboni wa mbwa dume, ule unaonyonya mkojo, utawaokoa huku mnaendelea kumfundisha. Na je, anakojoa hata mkiwepo, au mkitoka tu? Kama ni mkitoka tu, acha simu ikirekodi. Mbwa anayelia na kukwaruza mlango ana hofu ya kuachwa, na ratiba pekee haitatosha.

Mwisho, kama mna bima ya mpangaji, soma kipengele cha gharama za ziada za kuishi nje ya nyumba. Ada ya mnyama hotelini mara nyingine inaingia humo. Tunza risiti.

Dada yako, St. Paul

———

Assalaam alaykum. Naongeza kwa ajili ya shemeji, maana sisi wa Pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi tunalijua jambo hili. Najisi ya mbwa huhama kwa unyevu. Akipita mkavu penye pakavu hakuna kilichohama. Kwa hiyo mswala ukunjwe na uwekwe juu ya kabati, na upande mmoja wa chumba uzuiwe kwa kile kigeti cha watoto, mbwa asivuke. Kitanda cha mbwa na bakuli viwe upande wa mlangoni, penye vigae. Nguo ya shemeji ikilambwa, inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akiwa na sehemu yake inayoheshimiwa hata yeye atapumua.

Kaka yenu, Leicester

———

Ahsanteni sana. Dada, ni dimbwi, na ni hata tukiwepo. Daktari tumempata kesho asubuhi. Mapokezi wamesema chumba cha chini kitakuwa wazi Alhamisi, na shemeji ameenda mwenyewe kununua kigeti.