Corolla 100 inasema "ta!" halafu kimya, na betri ni mpya

MtuWaJadida:
Asalaam alaykum jamani. Nna Corolla 100, injini 5A, gia oto, gari ya mwaka 94 lakini bodi bado mashallah, ukitoa kutu ya chini ya milango ambayo huku Pemba nani hana. Sasa siku hizi imeanza kunisumbua kuwaka. Asubuhi natia ufunguo napiga, inasema "ta!" moja basi, injini haizunguki. Napiga tena "ta!", napiga tena, mpaka ikijisikia inashika inazunguka kwa nguvu na inawaka hapo hapo kama haikuwa na neno. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, sasa hata nikiizima Chake sokoni nikirudi nakuta kisirani hicho hicho, na oto hii huwezi hata kuwaita vijana wakusukume. Betri nshabadilisha, hali ni ile ile. Fundi wa kwanza kaniambia stata imekufa, niagize ya mtumba Unguja niletewe kwa boti, wa pili anasema swichi ya gia, ile inayoruhusu stata kwenye P na N tu. Sitaki kununua kitu chengine kwa kubahatisha. Taa za dashibodi nikipiga hazififii. Nianzie wapi?

Konde4x4:
Yakhe hio betri tu. Hizi tunazouziwa mpya zengine zimekaa dukani mpaka zimejichokea. Busti na gari nyengine uone. Ikishindikana gonga stata kwa kipande cha chuma huku mwenzio anapiga, mie langu nilikwenda nalo hivo muda mrefu tu na kazini nafika 😂

fundiwaya_Fuoni:
Wa alaykum salaam. Kabla ya kununua chochote sikiliza gari inasemaje. Betri ikiwa haina nguvu mara nyingi utasikia "tatatatata" ya haraka haraka na taa zinafifia au zinazima kabisa. Yako ni "ta" moja na taa zimesimama pale pale, mimi hapo betri siitilii shaka. Na swichi ya gia isahau, ingekuwa mbovu usingeisikia hata hio "ta" kwenye stata kwa sababu umeme usingefika huko. Kujiridhisha tia N badala ya P upige, kama hakuna tofauti basi.

Mimi nashuku mambo mawili. Moja ni asi, ule waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Sisi tumezungukwa na bahari, chumvi inaingia ndani ya kichwa cha waya, nje unauona mzima ukiuchubua ndani kijani kitupu. La pili ni vile vipande vya shaba ndani ya kichwa cha stata. Ukipiga ufunguo, kichwa kinavuta chuma, kile chuma kinakwenda kuviunganisha vipande viwili vya shaba, ndo umeme mkubwa unapita kuzungusha mota. "Ta" unayoisikia ndo hicho chuma kinagonga. Sasa kila kikigusa kinaruka cheche, miaka inakwenda, shaba inaliwa, tena inaliwa upande mmoja zaidi, mwisho chuma kinafika lakini hakigusi sawasawa. Stata za Denso za Toyota za miaka hio ugonjwa wao mkubwa ni huu, na ndo maana ikiamua kugusa inazunguka kwa nguvu zote kama unavyosema.

Kujua ni lipi tafuta mita, hata ile ya bei rahisi, uitie kwenye volti DC. Asubuhi kabla hujapiga pima betri, 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Halafu mwenzio apige huku unaangalia, ikizunguka isiteremke chini ya 9.6 hivi, ikiteremka ndo Konde kasema kweli. Kisha ncha moja ya mita iweke kwenye risasi yenyewe ya hasi, ile nguzo inayotoka juu ya betri, si kwenye kibano cha waya, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, apige tena. Ikiruka juu ya 0.5 asi mbovu. Ikibaki karibu na sifuri na betri nayo haishuki huku inasema "ta", maana yake umeme mkubwa haupiti kabisa, fungua stata. Pima wakati imegoma, ikishawaka vipimo havikwambii kitu.

Konde4x4:
Haya fundi, lakini kugonga kunasaidia au hakusaidii?

fundiwaya_Fuoni:
Kunasaidia, mpaka siku iko kwenye foleni ya meli Mkoani. Ikiwaka baada ya kugongwa ujue karboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, au hizo shaba zishafika mwisho.

bintiMkoani:
Nadandia hapa hapa samahani. Kaka fundi mimi langu Escudo ile ya zamani 1.6, stata inazunguka vizuri tu tena kwa kasi lakini haliwaki, na linafanya hivo asubuhi za mvua, hasa masika. Jua likitoka saa nne tano linawaka lenyewe. Na MtuWaJadida, vichwa vya betri vyangu vilikuwa vinaota ule unga mweupe wa kijani, nikamwagia maji ya moto yaliyotiwa magadi, vinatoka povu halafu vinakuwa visafi, nakausha napaka grisi. Tuliambiwa soda lakini soda inaacha sukari inanata vumbi.

Konde4x4:
Dada hio pampu ya mafuta. Fungua ON usikilize kama inalia zzzz nyuma.

fundiwaya_Fuoni:
Dada yangu maadamu stata inazunguka, maneno ya betri na asi tuyaache, hapo tunatafuta cheche au petroli. Kwa linalogoma mvua na kuwaka jua mimi naanza kwenye cheche. Fungua kifuniko cha disitributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, angalia ndani kama kuna unyevu au mistari myembamba myeusi kama nyufa, umeme unapita humo unapotea. Ukiona unyevu tu kausha kwa kitambaa, ukiona mistari badilisha kifuniko na rota yake, kile kinachozunguka ndani, pamoja. Waya za plagi nazo, usiku fungua boneti injini inanguruma uangalie gizani, zikiwa zimechoka utaona vicheche vya buluu vinaruka. Usizishike.

Hio ya kusikiliza pampu kwa Escudo inafaa, ukifungua ON inalia sekunde mbili tatu inanyamaza. Lakini mwenye Corolla 100 asije akadanganyika hapo, hizo Toyota pampu hailii ukifungua ON, inaanza pale stata inapozunguka. Watu wameteremsha matangi bure kwa sababu hio. Ukitaka kuijaribu unaunga kwa kipande cha waya matundu yaliyoandikwa FP na +B kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS chini ya boneti, ndo ufungue ON.

MtuWaJadida:
Fundi Mungu akulipe. Nimeazima mita kwa jirani anaefunga sola. Betri asubuhi 12.5. Nikamwambia kijana apige, ikasema "ta", betri imeshuka kidogo tu 12.3. Risasi ya hasi na injini inasoma 0.03. N na P sawa sawa. Kwa hio ndo shaba?

fundiwaya_Fuoni:
Ndo nategemea. Ila kabla hujaishusha pima kitu kimoja, ule waya mwembamba unaoingia kwenye kichwa cha stata. Mwenzio akipiga unatakiwa usome karibu sawa na betri, ukikuta 8 au 9 basi swichi ya ufunguo au relei inakula umeme, na stata utaifungua bure. Hio "ta" yako ni nzito au nyepesi?

MtuWaJadida:
Nzito, majirani wanaisikia. Nimepima, 11.8.

fundiwaya_Fuoni:
Basi shusha stata. Ng'oa kichwa cha hasi cha betri mwanzo na kukirejesha iwe mwisho, maana waya mnene wa stata una umeme muda wote, spana ikigusa bodi utaona fataki. Ukifungua kile kifuniko cha nyuma utaviona vipande viwili na katikati chuma chenye kichwa cha shaba duara. Badilisha vyote vitatu, usikubali kupigiwa msasa na kurudishiwa, ishaliwa ile. Karboni nazo aziangalie hapo hapo.

Konde4x4:
Na stata nzima ya mtumba?

fundiwaya_Fuoni:
Ya mtumba imeshatembea kama hii, shaba zake huzijui. Ikiwa mota yake nzima kwa nini uitupe?

MtuWaJadida:
Nimeuliza Wete na Chake vipande hivo havipo, mwenye duka anauza stata nzima tu. Huko Unguja, Mwanakwerekwe, vinapatikana?

fundiwaya_Fuoni:
Ulizia kwa wanaotengeneza stata na dainamo, wao ndo wanakuwa navyo, maduka ya spea utaambiwa hakuna. Lakini usiagize kwa kusema "vya Corolla" tu, vipo vya ukubwa tofauti na hata hivo viwili ndani ya stata moja mara nyengine havifanani. Vitoe, vipige picha pembeni ya rula, na usome ile namba iliyobandikwa kwenye bodi ya stata, mtumie hio pamoja na picha.