Nimesoma uchumi kilimo, naweza kuingia kwenye utafiti wa lishe? Nipo Makambako

Kijana_Makambako:
Kamwene wakuu. Nina shahada ya uchumi kilimo kutoka SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na sasa namnunulia mahindi mfanyabiashara mmoja hapa Makambako. Magunia yanapita mbele yangu kwenda Dar, na nikirudi kijijini Wanging'ombe nakuta watoto wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa walio chini ya miaka mitano ni asilimia 57 Iringa na 50 Njombe, wakati wastani wa nchi ni 30. Na hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Nataka kusoma uzamili na kulifanya hili kazi yangu ya maisha. Baba anasema lishe ni ya wauguzi, mchumi atafuata nini huko. Nianzie wapi?

Ndaga_Uyole:
Mdogo wangu, njia ipo, mimi ndiyo imenilea. Mwambie mzee hivi: muuguzi anampima mtoto, lakini uamuzi wa kuuza maharage yote na kubakiza mahindi ulifanyika miezi mingi kabla, na huo ni uchumi mtupu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzunguka masoko ya hapa Mbeya, Mwanjelwa na Soweto, na mizani ndogo, napima mafungu ya mboga. Fungu la mnafu bei yake haibadiliki, kinachopungua kiangazi ni fungu lenyewe. Ukiandika bei bila kupima, daftari litakuambia mboga haijapanda. Ukishapata bei za kweli, unachagua chakula cha bei nafuu katika kila kundi, unajumlisha, unalinganisha na kipato cha kaya. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanatoa hesabu ya namna hiyo kwa nchi nyingi tangu 2020, na ile ya kwanza ilionyesha watu zaidi ya bilioni 3 duniani hawamudu mlo bora. Mmoja wa walioijenga ni William Masters wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, mchumi kilimo kama wewe. Ukiifanya hapa Mbeya utaona mahindi hayagharimu sana. Pesa inakwenda kwenye maziwa, mayai, dagaa na matunda.

Lakini wewe ningekusukuma kwenye usalama wa chakula, maana tayari umo ndani. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, iliwaathiri watu 68 Dodoma na Manyara, 20 wakafa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na jicho haliwezi kuiona. Aliyekausha kwenye turubai na aliyeanika chini wanalipwa bei ileile hapo kwenu. Sasa nani atanunua turubai? Na mahindi mabovu yakishachambuliwa yanakwenda wapi: kwa kuku, kwenye pombe, au kwa yule anayetafuta cha bei ya chini? Tunawahimiza watu wale dona kwa sababu ya virutubisho, wakati kukoboa ndiko kunakopunguza sumu hiyo. Maswali haya yananikosesha usingizi hadi leo, na daktari peke yake hawezi kuyajibu.

Mlo endelevu, yaani usiomaliza misitu na ardhi, nao usiuache. Hesabu kuni za kuchemshia maharage, na shamba la maharage lililogeuka la parachichi kule Rungwe na kwenu Njombe.

Mama_Ifunda:
Mwanangu, mimi ni afisa lishe. Iringa ilishalifanyia kazi hili tangu 1983, UNICEF na WHO wakishirikiana na serikali kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa vijijini, na wanakijiji wenyewe wakajadili kwa nini wanadhoofu. Mafunzo ya hapa yaliingia kwenye mfumo wa kueleza vyanzo vya utapiamlo ambao UNICEF waliutoa 1990: chakula, matunzo, maradhi. Kwa hiyo akija mtafiti na dodoso la chakula pekee, simwelewi. Ghala linaweza kujaa na mama akashinda shambani, mtoto kaachiwa uji mweupe kwa bibi. Pima na muda wa mama.

Kijana_Makambako:
Asanteni sana, mama na kaka. Hesabu naziweza, ila biolojia niliiacha kidato cha nne. Haitanizuia?

Ndaga_Uyole:
Haitakuzuia, utashirikiana na watu wa sayansi ya chakula, na hapo SUA wapo. Alichosema mama kuhusu muda kiandike kwenye dodoso lako kabla ya kitu kingine. Pakua data za utafiti wa kaya za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zile zilizoanza 2008. Zipo bure kwenye tovuti ya Benki ya Dunia, zina matumizi ya chakula na vimo vya watoto. Halafu msimu huu, kama mna kipima unyevu, mwombe bosi ruhusa uandike unyevu na bei ya kila mzigo unaoingia. Uone kama mahindi makavu, yenye unyevu chini ya asilimia 13.5, yanalipwa zaidi. Akikubali, nitumie ujumbe nikuchoree safu za daftari.