Ushauri: vyumba vya wageni vya AFCON 2027 hapa Malindi, niezeke makuti au nimwage slabu?

Mwana wa Shela
Assalaam aleikum waungwana. Mimi ni mkazi wa Shela, Malindi, mtoto wa pekee wa marehemu mama yangu, na riziki yangu naipata kwa kuwapeleka wageni kwa mashua kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari. Tangu Septemba 2023, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania nafasi ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, nimekuwa na azma ya kujenga vyumba vinane nyuma ya nyumba aliyoniachia mama, ili wapenzi wa mpira watakaokuja nchini wapate pa kupumzika ufukweni, na mashindano yakiisha vyumba vibaki viwe urithi wa wanangu. Kinachonikwamisha ni paa. Makuti ni rahisi na wageni huyapenda. Slabu ya zege ni ghali, lakini itaniruhusu kupandisha ghorofa baadaye. Hii ni wiki ya tatu sipati usingizi. Naomba ushauri, hasa kwa walio katika biashara hii.

Fundi wa Gongoni
Ndugu yangu, makuti ni mazuri kwenye picha. Niliezeka banda la mteja mmoja kule Mayungu, na mwaka wa tatu popo walikuwa wameshahamia, paa likawa linavuja kiasi kwamba mgeni mmoja alilala na ndoo mbili kitandani, moja kila upande. Halafu kuna moto: jirani akichoma takataka wakati wa kaskazi, cheche moja inakutosha. Mwaga slabu, ila hakikisha mchanga si wa pwani, kwa kuwa chumvi hula nondo kwa ndani, nawe hutajua lolote mpaka dari lianze kudondosha vipande kwenye sahani ya mchuzi.

Mwalimu Mstaafu
Kabla ya paa tuulize kama nyumba yenyewe inahitajika. Mechi za upande wetu zinatarajiwa Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 600 kutoka hapa. Historia ya mashindano haya makubwa inaonyesha kwamba faida hubaki pale ambapo kilichojengwa kingetumika hata kama mpira usingechezwa. Barcelona ilinufaika na Olimpiki ya 1992 kwa sababu mji ulikuwa unataka kujirudishia ufuko wake wa bahari, na michezo ikawa sababu ya kuharakisha. Montreal iliandaa mwaka 1976 ikaendelea kulipa deni la uwanja hadi 2006, miaka thelathini kamili. Manaus ya Brazil, katikati ya msitu wa Amazon, walijenga uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kwa mechi nne za Kombe la Dunia la 2014, ilhali hawana klabu ya kuujaza. Nisionekane mtu wa kukatisha tamaa: uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, Morocco walipowashinda Madagascar 3 kwa 2, ilichezwa hapo hapo.

Nikumbushe pia kwamba pwani yetu imeshawahi kupokea dunia. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa, nami nilikwenda na wanafunzi kumi na wawili. Joto lilikuwa la kupika wali. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye hakuna aliyedhani angeshindwa, aliacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaibuka mshindi. Mwanafunzi wangu mmoja alilia kwa sababu ya Bekele, hata nikalazimika kumnunulia maji ya madafu mara mbili. Jumatatu yake uwanja ulirudi kuwa wa gofu. Sasa nikuulize, ndugu: mwezi wa Mei, masika yakinyesha na hakuna mpira, nani atalala katika vyumba hivyo?

Bi Mkomani
Mimi niko Lamu na mambo ya mpira siyajui, lakini nimelea watoto saba. Mwanangu, mtu hakosi usingizi wiki tatu kwa sababu ya makuti. Umeshaanza kujenga? Na pesa ni za nani?

Mwana wa Shela
Shikamoo Bi. Ni kweli msingi umeshachimbwa na nguzo kumi na mbili zimeshamwagwa, kwa hiyo swali la kujenga au kutojenga limekwisha, limebaki la paa. Mwalimu, nakuheshimu, lakini mfano wa Montreal ni wa serikali, nami si serikali. Mbona Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 mashabiki walilala Dubai wakawa wanaruka kwa ndege kwenda Doha kutazama mechi na kurudi siku hiyo hiyo? Wengine walilala kwenye meli za kitalii zilizotia nanga bandarini. Kama mtu anaweza kulala nchi nyingine, hawezi kulala Malindi?

Mwalimu Mstaafu
Dubai hadi Doha ni kama saa moja ya ndege, na ndege zilipangwa mahususi, nyingi kila siku. Wewe mgeni wako atatoka Malindi asubuhi kwa kiti cha ndege ambacho huenda kimeshajaa, au kwa basi la usiku. Isitoshe, huwataji wale wageni wa kawaida wanaoikimbia nchi wakisikia kuna mashindano, kwa kuhofia bei na msongamano. Wenye hoteli na majumba ya maonyesho ya London walilalamikia jambo hilo hilo kwenye Olimpiki ya 2012. Hebu tuambie ukweli: CHAN ilipochezwa hapa nchini Agosti 2025, mashua yako ilipata wageni wangapi wa mpira?

Mwana wa Shela
Vijana wawili kutoka Nairobi, na mmoja alitapika kabla hatujafika kwenye matumbawe. Lakini CHAN si AFCON.

Kocha Kibarani
Na hilo kombe lenyewe likiondoka je? Tulinyang'anywa la 1996 likaenda Afrika Kusini, tukanyang'anywa CHAN ya 2018 ikaenda Morocco. Mwenzenu nilikuwa nimeshashona bendera mia mbili mwaka ule. Mke wangu alizigeuza foronya, na mpaka leo nalalia ngao na mikuki miwili.

Bi Mkomani
Sikujibiwa swali langu. Pesa ni za nani?

Mwana wa Shela
Bi, nitasema, lakini naomba nisihukumiwe. Sehemu ni akiba yangu ya mashua. Sehemu kubwa, kama shilingi 900,000, ni za dada yangu aliye Doha. Alikwenda kufanya usafi hotelini kabla ya Kombe la Dunia na akabaki baada yake, na kila mwezi hunitumia pesa nimtafutie kiwanja Watamu. Viwanja vimepanda bei, nami niliona pesa zikilala tu hazizai. Nia yangu ni kumrudishia kiwanja na faida juu yake baada ya mashindano. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia jinsi bei za vyumba zilivyopanda kule, na habari za ule uwanja wa makontena 974, uliobuniwa ili uweze kufunguliwa na kuhamishwa. Kwa hiyo mambo haya anayaelewa kuliko sisi sote.

Ustadh wa Majengo
Innalillahi. Amana, ndugu yangu, hairuhusiwi kufanyiwa biashara bila idhini ya mwenyewe, hata kama faida ni hakika, na yako haina uhakika wowote. Unaongelea urithi wa wanao huku msingi ni jasho la mtu mwingine. Mwambie leo kabla ya Isha.

Fundi wa Gongoni
Nakubaliana na Ustadh. Ila kwa kuwa nguzo zimesimama, usiziache nondo wazi kwenye upepo wa bahari. Zipake saruji nyembamba juu zisishike kutu.

Jicho la Barazani
Waungwana, mmelishwa hadithi. Rudini mwanzo wa uzi: huyu bwana aliandika kwamba ni "mtoto wa pekee". Sasa ametokea dada, tena yuko Doha, tena amefanya kazi kwenye Kombe la Dunia, kana kwamba mtu alikaa akatunga ili mada ya viwanja na urithi wa mashindano inoge. Mtu wa namna hii hutunga leo, na kesho hutuomba mchango wa kumaliza paa.

Kocha Kibarani
Hata mimi nilishangaa nguzo kumi na mbili kwa vyumba vinane. Fundi, hesabu hiyo inakubali?

Fundi wa Gongoni
Inakubali, ikiwa vyumba vimepangwa kwa mistari miwili na kuta zinabeba uzito. Isipokubali basi ni fundi wake ndiye wa kutiliwa shaka, si yeye.

Jicho la Barazani
Fundi, hatujadili nguzo.

Mwana wa Shela
Nimesoma kazini na mikono imenitetemeka. Mama yangu aliugua aliponizaa, akakosa maziwa, na jirani yetu, ambaye sasa ni marehemu pia, akaninyonyesha pamoja na binti yake. Huyo binti ndiye dada yangu. Tumenyonya ziwa moja, na asiyejua uzito wa hilo si mtu wa pwani. Kwa mama yangu nilizaliwa peke yangu, kwa hiyo sikusema uongo. Dada hunitumia ujumbe wa sauti akitoka zamu, saa nane au tisa za usiku, nyuma yake yanasikika magurudumu ya kile kigari cha mashuka, na moja halizunguki vizuri, linapiga kelele. Mchango sikuomba na sitaomba.

Bi Mkomani
Mimi nakuamini, mwanangu, na kwa sababu nakuamini nakuuliza la mwisho. Yeye anadhani kiwanja kimeshanunuliwa?

Mwana wa Shela
Ndiyo, Bi. Nilimwambia tangu Ramadhani kwamba kimepatikana, kina mwembe mmoja na kisima. Jana amenitumia ujumbe kwamba atakuja likizo, na ameomba nimpigie picha ya huo mwembe.

Ustadh wa Majengo
Subhanallah.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu, usiende kupiga picha mwembe wa mtu. Mpigie simu.

Mwana wa Shela
Zamu yake inaisha saa nane. Nimemwambia fundi kesho asije.

Fundi wa Gongoni
Samahani kuuliza wakati huu. Nondo zilizobaki ni za unene gani? Nina mteja Mambrui.